Picha aliyoichana mwenye sura: je, ina haki ya kuning'inizwa ukutani?

MTOA HOJA: Mwaka 1898 mpiga picha Mmarekani Gertrude Käsebier, mama wa watoto watatu aliyeanza kusomea sanaa akiwa na miaka 37, aliwaalika Walakota, watu wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakizunguka na maonyesho ya jukwaani ya Buffalo Bill, waje kupigwa picha katika studio yake ya Fifth Avenue, New York. Ilipofika zamu ya Iron Tail, mmoja wa Walakota hao, Käsebier alimvua mapambo yote, unyoya kwa unyoya, kwa sababu alitaka kumwona kama wenyeji aliowakumbuka tangu utotoni mwake Colorado. Mzee alitulia, akapigwa picha. Siku chache baadaye alipokabidhiwa nakala yake, aliichana papo hapo, na ikabidi apigwe nyingine akiwa amevaa taji lake kamili. Picha ya kwanza, hata hivyo, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani, na wengi huisifu kuliko ya pili. Nasema isionyeshwe peke yake.

MCHANGIAJI: Ndugu mtoa hoja, hapo umemwonea mama wa watu. Wapiga picha wengi wa zama zile walimtaka Mlakota avae manyoya ili picha iuzike, naye Käsebier, ambaye riziki yake ilitegemea studio hiyo hiyo, akathubutu kuuacha uso ujisemee. Tazama ile mikunjo: hakuna kitu kinachomkinga mtazamaji na mtu aliye mbele yake. Zaidi ya hayo, manyoya yale ndiyo aliyovaa kila jioni mbele ya watu waliolipa kiingilio, kwa hiyo kumvua kulikuwa kumtoa jukwaani.

MTOA HOJA: Hoja yako ya jukwaa ina uzito, na kwa kweli nilikuwa sijaifikiria. Lakini kwa Walakota unyoya wa tai hupatikana kwa tendo la ushujaa, wala hauvaliwi kama kanga ya sikukuu. Mvue askari mstaafu nishani zake, kisha umwambie kwamba sasa ndipo unapomwona yeye halisi, uone atakujibu nini. Sikatai ufundi wa Käsebier, ambaye toleo la kwanza la jarida la upigaji picha la Camera Work, mwaka 1903, lilimpa nafasi ya mbele. Ninachodai ni picha zote mbili ziwekwe ukutani bega kwa bega, na maelezo chini ya ile ya kwanza yataje wazi kwamba mwenye sura aliichana.