Tabibu wa miaka 38 ninayesubiri majibu ya udahili wa Udaktari Muhimbili: nijipangeje?

Tabibu wa Kituoni (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni tabibu, kada iliyo chini ya daktari, mwenye Stashahada ya Utabibu, nina umri wa miaka 38, ni mtumishi wa halmashauri moja ya kanda ya kati na mama wa watoto watatu. Mwaka huu nimeomba kusoma Shahada ya Udaktari wa Binadamu katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), nikiwa miongoni mwa waombaji wa sifa linganishi, yaani sisi tunaotokea stashahada na si kidato cha sita. Sifa za chini ninazo: GPA (wastani wa alama) yangu ya stashahada inazidi 3.5 inayotakiwa, ingawa si kwa mbali, na cheti changu cha kidato cha nne kina ufaulu wa D au zaidi katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Namba ya AVN, ya kuhakiki stashahada yangu, niliipata NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Sasa awamu ya kwanza imefungwa, na kila ninapofungua ukurasa wangu wa maombi naona tu kwamba ombi limepokelewa. Ninachotaka kujua kwa wenzangu waliopita njia hii ni kama miaka niliyotumikia wagonjwa ina uzito wowote mbele ya kamati ya udahili, na kama nimweleze mwajiri wangu sasa hivi au nisubiri hadi jina litoke, kwa maana nikikosa nafasi nitabaki kituoni nikionekana mtu ambaye moyo wake umeshaondoka. Jambo la tatu naliuliza kwa aibu kidogo: kwa umri wangu, hivi nina akili timamu?

Njia Ndefu

Dada yangu, hongera kwa kuthubutu. Mimi niliingia darasani nikiwa nimekaribia umri wako, nikitokea utabibu vilevile, na sasa ni daktari katika hospitali ya wilaya.

Nianze na lile ambalo huenda hutapenda kulisikia. Miaka ya kazi haina alama zake katika mchujo. Waombaji wa sifa linganishi wanashindana kwa ufaulu wa stashahada na wa kidato cha nne, basi. Aliyezalisha akina mama usiku kwa mwanga wa simu na aliyemaliza chuo mwaka jana wanapangwa katika orodha moja kwa kuangalia vyeti vyao. Mimi naona utaratibu huo una kasoro, lakini ndio uliopo, na ni heri uujue sasa kuliko kukaa ukitumaini kwamba kuna mtu atakayesoma historia yako ya utumishi. GPA ya 3.5 inakupa haki ya kuomba, haikupi nafasi, na Muhimbili ndipo wenye alama za juu wengi wanapotaka kwenda.

Kwa sababu hiyo nakuuliza: umeomba kwingine? Tangu mwaka 2017 maombi hayapiti tena katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), bali kila mmoja anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na hakuna anayekuzuia kuomba vyuo kadhaa. Udaktari unafundishwa pia Dodoma, Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, na katika kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama hukuomba huko, awamu ya pili ikifunguliwa usiipuuze, ila fahamu kwamba nafasi za udaktari zinazobaki kufikia hapo huwa chache, na katika baadhi ya vyuo huwa zimekwisha kabisa. Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi utatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu uliyojazia maombi. Laini hiyo isipotee wala usimwachie mtoto simu siku hizo. Namfahamu mtu aliyekuwa kliniki ya mkoba mahali pasipo mtandao wakati muda wa kuthibitisha unakwisha.

Meza ya Utumishi

Nimefanya kazi katika ofisi za utumishi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu swali la pili peke yake.

Usisubiri jina litoke. Mtumishi wa umma hapewi ruhusa ya masomo kwa sababu amechaguliwa na chuo. Anapewa kwa sababu mafunzo yake yamo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri na amefuata utaratibu. Andika barua leo, ipitie kwa mganga mfawidhi wa kituo chako, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo ifike kwa Mkurugenzi Mtendaji. Eleza kwamba umeomba udahili na unasubiri majibu, na uombe uingizwe katika mpango wa mafunzo. Barua ya namna hiyo haimfungi mtu yeyote: ukikosa nafasi mwaka huu, jina lako linabaki kwenye mpango na mwakani unakuwa na pa kuanzia.

Nimeona watumishi wakienda chuoni kimyakimya kwa kutegemea likizo na kubadilishana zamu. Udaktari hausomwi hivyo. Anayeondoka bila kibali anahesabiwa mtoro, na hata akifika mwisho, kubadilishiwa kada kutoka tabibu kuwa daktari kunakuwa kesi ya miaka, kwa sababu faili lake halina barua inayoonyesha kwamba mwajiri aliridhia masomo hayo. Kibali ndicho kinacholinda mshahara wako sasa na cheo chako baadaye.

Kuhusu hofu ya kuonekana mtu ambaye moyo wake umeondoka, nakuelewa, na wapo wakubwa wa kazi wenye tabia hiyo. Lakini ukiondoka ghafla mwezi wa kumi ukiwaachia kituo chenye matabibu wawili, watakuwa na haki ya kukasirika.

Hesabu Kwanza

Wenzangu wameongea vizuri, ila naona wote wanakwepa fedha. Mimi si mtu wa afya. Ni mume wa mtu aliyefuata njia inayofanana na hii.

Dada, Bodi ya Mikopo usiiweke katika mipango yako. Miongozo yake imemtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, na pia asiwe na kipato cha ajira rasmi, kwa hiyo hata ungekuwa na miaka 30 mshahara wako ungekufungia mlango. Ufadhili wa serikali tunaousikia katika sekta ya afya unawaangalia zaidi wanaosomea ubingwa. Unabaki mshahara wako, na mshahara wa masomoni ni mshahara mkavu: posho za kuitwa kazini usiku na za saa za ziada zinakoma siku unayokabidhi kituo.

Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, tazama hati yako ya mshahara leo jioni. Makato hayaruhusiwi kukuacha chini ya theluthi moja ya mshahara, na watumishi wengi wameshafika kwenye theluthi hiyo hiyo. Theluthi moja ya mshahara wa tabibu haiwezi kulipa ada na chumba Dar es Salaam huku ikilisha watoto watatu kanda ya kati. Sisi tuliuza kiwanja. Sijutii, lakini kiwanja hakikuwa cha mtu mmoja, na mazungumzo ya kukiuza tuliyafanya tukiwa tayari tumebanwa na tarehe ya kusajiliwa chuoni, jambo ambalo lilituletea ugomvi na ndugu uliokuwa unaepukika.

Nawe hesabu miaka. Ukianza ukiwa na 38, unamaliza ukiwa na 43, mafunzo kwa vitendo yanakufikisha 44, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Inabaki miaka 16 ya kuwa daktari. Kwangu hiyo inatosha, mradi mwenzi wako naye aifanye hesabu hiyo kwa mdomo wake mwenyewe.

Njia Ndefu

Nakubaliana na Hesabu Kwanza karibu kwa kila kitu, isipokuwa aongeze kwamba madaktari bingwa wamewekewa umri wa kustaafu wa miaka 65, kwa hiyo atakayeendelea na ubingwa anapata miaka mingine mbele.

Swali la akili timamu nililiruka, ngoja nilijibu. Miaka miwili ya mwanzo ni migumu kwetu kuliko kwa vijana. Baiokemia na fiziolojia vinadai kemia na fizikia ambazo wao wamezitoa kidato cha sita juzi, na sisi tumezisahau tangu kidato cha nne. Kama unataka kutumia kipindi hiki cha kusubiri kwa jambo lenye faida, tafuta vitabu vya kemia vya kidato cha tano usome kila jioni. Utashukuru hata kama utaenda chuo kingine. Ukifika wodini, mambo yanageuka. Kijana anayekupita kwa alama za anatomia atakuja kwako akuulize namna ya kuongea na mama aliyefiwa na mtoto, na utamweleza bila kufungua kitabu. Mimi waliniita Mzee tangu wiki ya kwanza, na mwanzoni nilichukia.

Kidato cha Sita 1976

Wanangu, nawasoma na kutabasamu. Enzi zetu, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, hukuruhusiwa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu. Ulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ukafanya kazi, na mwajiri pamoja na chama tawala walitoa mapendekezo yao kabla hujafikiriwa. Utaratibu ule ulikuwa na shida zake, na mapendekezo ya chama mara nyingine yalikuwa ni majungu tu, lakini mtu mwenye mke na watoto darasani halikuwa jambo la kushangaza. Hii aibu ya umri ni ya juzi juzi. Mwanangu, ulizia chumba mapema. Nyumba za kupanga karibu na Muhimbili hazingoji mtu.

Tabibu wa Kituoni (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wangu wa 1976. Nimeomba pia Dodoma, ambako kuna dada yangu na gharama zitapungua, hivyo huko napo nasubiri. Hati ya mshahara nimeitazama: mkopo wangu umebakiza miezi michache, na nimekubaliana na mume wangu kwamba hatutauongeza kwa sababu yoyote. Barua nimeiandika na mganga mfawidhi ameipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, ila amesema mpango wa mafunzo wa mwaka huu wa fedha ulishapitishwa. Je, Meza ya Utumishi, hapo ndiyo nimekwama?

Meza ya Utumishi

Hujakwama. Mpango huhuishwa, hasa pale ambapo mtumishi aliyekuwemo hakwenda masomoni na nafasi yake imebaki wazi, na jambo hilo hutokea karibu kila mwaka. Barua iendelee mbele kwa Mganga Mkuu wa Wilaya bila kukaa mezani kwa mganga mfawidhi. Nenda kwa afisa utumishi ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, umuulize kama yupo aliyeahirisha masomo mwaka huu katika idara ya afya. Jina likitoka, wasilisha barua ya udahili siku hiyo hiyo, iambatane na nakala hiyo.