Naomba ushauri: mkataba wa mali kabla ya ndoa nchini India

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Mdogo wangu wa kike anaishi Pune na mchumba wake Mhindi, na wanakusudia kufunga ndoa chini ya Sheria ya Ndoa Maalumu ya mwaka 1954. Nyumba wanayoishi ina jina la mwanamume pekee, ingawa malipo ya awali yalitoka benki kwenye akaunti ya mdogo wangu.

Wakili ametuambia kwamba mkataba wa kabla ya ndoa una nguvu katika jimbo la Goa, ila kwingineko India mahakama yaweza kuubatilisha kwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba ya 1872. Sheria ya 2005 ya ukatili majumbani humlinda hata mwanamke asiyeolewa, lakini kwa makazi na matunzo, si umiliki.

Je, adai jina lake liingizwe kwenye hati sasa, au makubaliano ya maandishi kuhusu mchango wake yatatosha mahakamani?