Ubalozi wa Berlin Zanzibar: Mwalimu alikosea kuwarudishia Bonn misaada yao?

Mzee wa Kihesa, Iringa

Kamwene nyote. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, na hatukumaliza. Naleta hapa.

Kwa asiyekijua kisa: Januari 1964 Zanzibar inapindua, na muda si mrefu inaitambua Ujerumani Mashariki, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Berlin inafungua ubalozi kamili Unguja. Aprili 26 tunaungana, na hapo ndipo ngoma inapoanza. Balozi wa Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, yuko Dar, wa Berlin yuko Unguja, nchi ni moja. Na Bonn walikuwa na kanuni yao, ya Hallstein: ukimtambua yule, mimi naondoka. Karume hataki kuwatoa wageni wake. Mwalimu akatafuta upenyo: ubalozi wa Zanzibar ushushwe hadhi, Berlin wapewe ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama dola. Hata hilo Bonn hawakulimeza. Mwanzoni mwa 1965 wakaondoa wakufunzi waliokuwa wanatujengea kikosi cha anga. Mwalimu akawajibu: basi, chukueni na misaada yenu mingine.

Mimi nasema alikosea. Sisemi angepiga magoti. Ila wao waliondoa cha jeshi, wewe unawasukumia na cha raia kwa nini? Tena kwa ajili ya ofisi ambayo si yeye aliyeialika!

Mkulima wa Makambako

Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa adabu. Wakufunzi wa ndege walipoondoka, Wakanada wakaja kushika nafasi yao. Mbingu haikuanguka. Halafu toka nje hapa kwetu usikilize treni. TAZARA, reli ya kutoka Dar kwenda Zambia, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, nchi za Magharibi zilishasema haina faida. Mchina akaijenga kuanzia 1970 hadi 1975. Ungekuwa umeonekana mara moja unaburuzwa na Bonn kwa ajili ya wakufunzi wachache, kesho kila mfadhili angekuja na orodha yake ya mabalozi wa kufukuza.

Mzee wa Kihesa, Iringa

Marahaba kijana wangu. Lakini reli ni ya Mchina, mimi nauliza habari ya Mjerumani. Usinihamishie magoli.

Dada wa Uyole, Mbeya

Nyote mnaongea kama ule ubalozi ulikuwa bendera na gari jeusi tu. Mimi nimekaa Kikwajuni mwaka mzima nikisoma, kwenye fleti zilizojengwa kwa msaada wa hao hao wa Berlin. Ngazi za zege zimelika katikati kwa miguu ya watu. Asubuhi maji hayapandi juu, unashuka na ndoo, unampisha bibi anayepanda na yake, na kanga zimeanikwa kila baraza. Na Michenzani, yale majengo marefu kama mabehewa, ramani yake ilitoka kwa wataalamu wao pia. Ni mazuri? Hapana, mimi siyapendi. Ila yanakaliwa hadi leo. Karume alikuwa ameahidi watu nyumba, na aliyekuwa tayari kuzijenga ni huyo. Angemfukuza vipi?

Kwa hiyo kaka wa Makambako, usimpambe sana Mwalimu. Msimamo ulikuwa wa Karume. Mwalimu alikuwa anaulinda Muungano wenye mwaka mmoja usivunjike mikononi mwake.

Mtu wa Kalenga

Mimi sina ndefu. Huku kwetu habari ya Wajerumani wawili haijawahi kuingia akilini. Mjerumani ni yule sisi Wahehe tuliyempiga vitani Lugalo 1891, akarudi, na fuvu la mtemi wetu Mkwawa likarudishwa 1954, tena kwa mkono wa Mwingereza. Bonn na Berlin walikuwa wanagombea nani ndiye Ujerumani ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyekuja kugombea deni la Lugalo. Ndiyo maana 1965 mimi naipenda. Angalau mara moja mwenye nyumba ndiye aliyesema mgeni gani akae wapi.

Mzee wa Kihesa, Iringa

Wa Kalenga umenichekesha, na umenigusa. Hoja ya dada naipokea pia: ni kweli, kama ni Muungano uliokuwa mizani, mimi nilikuwa napima kitu kingine kabisa.

Lakini bado nina donge. 1972 Bonn wenyewe wakatiana saini na Berlin mkataba wa uhusiano, na mwaka huo huo sisi tukawa na uhusiano kamili na Ujerumani Mashariki. 1973 wote wawili wakaingia Umoja wa Mataifa bega kwa bega. Miaka saba tu! Cha raia kingeachwa kiendelee kimya kimya, nani angekufa?

Mkulima wa Makambako

Mzee, 1965 nani alikuwa na kalenda ya 1972?

Mzee wa Kihesa, Iringa

Hilo nalipeleka kijiweni kesho. Kahawa juu yangu.