Nani aliwadanganya kuwa faiba haiozi? Boti ya kabini imenimaliza

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na vumbi la faiba shingoni, kwapani na mahali pengine ambapo siwezi kupataja hapa. Nimeoga mara tatu na bado najikuna, kwa hiyo mtanivumilia nikitoa povu.

Nianze na swali. Nani alianzisha huu uongo kwamba faiba haiozi? Kila niliyemuuliza kabla sijanunua alinijibu hivyo hivyo, kama vile walikaa kikao. Muuzaji: "Kaka, hii siyo mbao, hii ni faiba, haiozi." Fundi niliyekwenda naye kuikagua, tena nikamlipa elfu hamsini: "Bosi, faiba haiozi." Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuuza vipuri vya bodaboda: "Shem, faiba haiozi, chukua chuma hicho."

Nikachukua chuma hicho.

Boti ni ya futi 21, ya Uingereza, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ina kabini mbele yenye vitanda viwili vinavyokutana miguuni, jiko dogo la kupikia chai na vidirisha vilivyofifia hadi huoni nje. Nilijiona Jumapili niko kisiwani Mbudya na watoto, mama watoto amekaa kivulini, mimi nimeshika usukani. Niliikuta Kunduchi imeegemezwa kwenye matairi nyuma ya nyumba ya muuzaji, imepakwa rangi nyeupe mpya, inang'aa. Hiyo rangi ndiyo ilipaswa kunishtua. Mtu anauza kitu kwa sababu ana shida ya hela, hela ya rangi kaitoa wapi?

Milioni 9, bila mashine (injini). Nikapewa funguo moja ya kabini, ya pili nikaambiwa "nitakutafutia".

Tukaipandisha kwenye lori hadi kwangu Boko. Wiki ya kwanza nikaanza kutoboa matundu ya bolti za kufungia mashine kwenye ubao wa tezi, ule wa nyuma kabisa ya boti. Wakuu, drili ilizama kama naichoma kwenye papai. Kilichotoka siyo unga wa mbao, ni tope jeusi lenye harufu ya maji ya kuoshea samaki yaliyolala. Nikatoboa la pili, tope. La tatu likatoa maji, yakachuruzika dakika kumi na boti ilikuwa haijagusa bahari kwa zaidi ya mwaka!

Kwa wasiojua, maana hata mimi sikujua: gamba la nje ni faiba kweli, na faiba ni kioo, haiozi. Lakini ubao wa tezi, mataruma ya chini (mbavu za boti) na sakafu ni plaiwudi iliyovikwa faiba. Mtu akitoboa tundu la skrubu asilizibe vizuri, maji yanaingia ndani na hayana pa kutokea, faiba inayatunza kama mfuko wa rambo. Mbao inaoza humo humo gizani, nje rangi inang'aa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi hata hicho kipande cha mti sikukikuta, nilikuta uji.

Na kuujua huo uozo hakuhitaji digrii. Unachukua nyundo ndogo, hata sarafu ya mia mbili, unagonga. Penye uzima panalia ko ko ko, palipokufa panalia pu pu. Yule fundi wangu wa elfu hamsini hakugonga popote. Alizunguka boti mara mbili, akapiga teke tairi (tairi! la kuegemezea!), akasema iko vizuri.

Kuna mzee jirani yangu aliyefanya kazi kwenye majahazi ujana wake wote. Alikuja akaangalia lile tope, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, maji ya chumvi hayaui mbao upesi. Inayoua ni mvua." Kumbe boti ilikaa masika mbili imeinamia tezi, sakafu yote imegeuka pipa la maji ya mvua. Muuzaji angekuwa ameiinua omo, yaani mbele, na kuchomoa kizibo cha chini, kazi ya dakika tano, leo nisingekuwa naandika uzi huu.

Sasa njooni kwenye resini, ile gundi ya maji inayogandisha nyuzi za faiba, maana hapa ndipo nilipotaka kulia.

Nilikwenda madukani, mtaa wa Gerezani hapa Dar. Kijana wa dukani akanipa ndoo ya resini ya poliesta, na chupa mbili ndogo hazina maandishi yoyote, moja ina maji ya zambarau, nyingine maji meupe kama ya kunywa. Nikauliza zinatumikaje. "Changanya zote, bro." Changanya zote! Yale ya zambarau ni kobalti, ya kuharakisha, yale meupe ni hadina, ya kuigandisha resini. Ukizikutanisha zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuingia kwenye resini zinaweza kulipuka. Kobalti inakorogwa kwanza ndani ya resini mpaka iishe kabisa, ndipo hadina inafuata. Na hiyo hadina ikikuingia jichoni unaweza kupofuka. Zote mbili alizitia kwenye mfuko mmoja, juu akaniwekea msasa na kalamu ya zawadi. Niliyajua haya usiku wa siku hiyo kwa kusoma mtandaoni, nikatoka kitandani nikaenda kuzitenganisha, moja stoo, moja juu ya banda la kuku.

Fundi wa pili (wa kwanza alishaacha kupokea simu) alikuja na kipimo chake cha hadina, kifuniko cha soda. Nikamwambia kaka, nimesoma kuwa ni asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo, na jua hili la Dar twende na ile ya chini. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemsahihisha ubaoni. "Bosi, mimi nimeanza kazi hii wewe unasoma." Akamimina resini kilo tano kwenye ndoo moja, saa saba mchana, juani, akatia vifuniko anavyovijua yeye. Hatujamaliza mita moja ya mkeka wa nyuzi za faiba, resini ikawa kama jeli, kisha ndoo ikaanza kutoa moshi. Chini ikayeyuka. Ilibidi tuisukume kwa ufagio hadi kwenye mchanga. Kilo tano zimekuwa jiwe, brashi imo ndani, na fundi anasema resini ni feki.

Siyo feki! Resini ikiwa nyingi pamoja inajichemsha yenyewe. Unachanganya kidogo kidogo, asubuhi mapema, kivulini, kwenye chombo kipana. Hayo nimeyajifunza kwa hela yangu, chukueni bure.

Nikamfukuza, nikaamua kufanya mwenyewe. Hapa sina wa kumlaumu, lakini niacheni nilalamike. Nilisoma kuwa epoksi, resini ya aina nyingine, inashika kuliko poliesta, nikajipinda nikanunua epoksi, nikaitumia na ule ule mkeka wa nyuzi fupi fupi niliobaki nao. Mkeka ukakataa kulainika, ukawa umesimama kama nywele za mtu aliyeamka. Kumbe gundi inayoshikilia zile nyuzi inayeyushwa na kemikali iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina hiyo kemikali. Sehemu nyingine nilitangulia epoksi nikaja kumalizia na poliesta juu, wiki ya pili ikabanduka kama gamba la mjusi. Epoksi juu ya poliesta iliyokauka inakubali. Poliesta juu ya epoksi, utavuna maganda.

Chini ya sakafu sitasema mengi, nitapandisha presha. Kulikuwa na povu la kuelesha boti, lile la manjano. Limenyonya maji mpaka likawa zito kama udongo. Nimelichimba kwa panga siku nne, mifuko 11 ya sementi ikajaa. Hilo povu ndilo lingetuokoa mimi na watoto kama tungezama Mbudya. Na ngama yote, ule uvungu wa ndani ya boti, inanuka petroli, kwa sababu tangi la zamani lilivuja na harufu ya petroli ni nzito, inatambaa chini na kukaa humo. Cheche moja tu. Nimelitoa tangi hata kabla ya kuwaza taa.

Halafu chini ya ile rangi nyeupe, upande wa mkuku, chini kabisa ya boti, kuna malengelenge. Nilipomuuliza muuzaji kwa simu akasema "ni hewa tu ya rangi". Nikatumbua moja kwa ncha ya kisu, likatoa maji ya kunata yenye harufu ya siki. Hiyo siyo hewa, jamaa yangu. Ni maji yaliyopenya kwenye gamba yakaanza kuila resini kutoka ndani. Dawa yake ni kukwangua, kuosha kwa maji safi tena na tena, kisha kuacha ikauke miezi. Miezi, na masika ndiyo hii. Nimebandika kipande cha nailoni kwa gundi ya karatasi kwenye gamba, kila asubuhi naangalia. Kila asubuhi ndani yake kuna ukungu wa maji. Maana yake bado mbichi, ukipaka rangi sasa unafungia maji ndani upya.

La mwisho, plaiwudi. Nimeuziwa "plaiwudi ya maji" kwa bei ya kukomoa, imepigwa muhuri mwekundu. Kwa kuwa simwamini mtu tena, nilikata kipande nikakichemsha. Plaiwudi ya gundi nzuri inavumilia kuchemshwa saa nyingi. Hii yangu saa moja tu ilifunguka kurasa kurasa kama daftari. Mama watoto akaingia jikoni akakuta sufuria lake la pilau linachemka mbao. Sitaeleza kilichofuata, ila nimelala kwenye kabini ya boti siku mbili, na nawathibitishia kuwa vile vitanda ni vifupi.

Jumla mpaka leo ni milioni 9 za boti na milioni 5 na ushee za matengenezo, na boti haijafika hata barabarani. Wale mtakaokuja kuandika "uza skrepa mkuu" nawaomba mpite kimya kimya, faiba hakuna anayeinunua skrepa, nimeshauliza. Na wale wa "ungechukua ngalawa", ni kweli, lakini sijawauliza.

Ninachouliza ni hiki: nani humu amewahi kununua plaiwudi Dar, akaichemsha, ikabaki nzima? Nitajie mtaa tu, nitalitafuta duka mwenyewe. Na kama kuna aliyebadilisha ubao wa tezi kwa kukata kutoka ndani huku akiliacha gamba la nje, aniambie alilishikiliaje lisipinde.

Na wewe uliyeniuzia, najua umo humu, ulinisimulia mwenyewe kuwa unashinda jukwaa la magari. Hela sikudai, tuliandikiana. Ila huu ni mwezi wa saba tangu uniuzie, lete ile funguo ya pili. Ya kwanza imevunjikia kwenye kitasa.