Kizibao cha riflekta kinasaidia kweli kwa tunaokwenda kazini na pikipiki? Naombeni ushauri

AlfajiriMapema
Wakuu, heshima kwenu. Nina miezi saba tangu nianze kwenda kazini na pikipiki. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza bado nene, na narudi jua likiwa linazama.

Wiki iliyopita jioni gari dogo lilichomoka barabara ya pembeni likanikatia mbele. Nilibana breki zote mbili, tairi la nyuma likayumba, nikaja kusimama karibu kiasi cha kuweza kugusa mlango wake. Dereva akashusha kioo, mikono inamtetemeka kuliko yangu, akasema, "Dada yangu, naapa sikukuona." Nami namwamini. Kabla hajatoka aligeuza uso upande wangu, nilimwona kabisa akitazama. Ndicho kinachonikosesha usingizi: mtu ametazama na hakuona.

Siku hiyo nilikuwa na koti jeusi na helmeti nyeusi, na pikipiki yenyewe ni nyeusi.

Mume wangu anataka ninunue kizibao cha njano chenye mistari ya riflekta. Mwenzangu kazini, ambaye ameendesha miaka mingi kuliko mimi, anasema nisijisumbue, asiyetazama haoni hata ukijifunga taa mwili mzima. Nani yuko sahihi? Na kama kinasaidia, rangi gani, na helmeti nayo nibadilishe? Naombeni uzoefu wenu, hasa mnaoendesha kila siku.

KlachiNusu
Vaa dada, kesho asubuhi. Mengine utayasoma ukiwa umeshavaa.

MnyororoMkavu
Dada Alfajiri, pole sana, na shukuru Mungu uko salama.

Hicho kizibao kina vitu viwili ndani yake, na watu wengi wanavichanganya. Kitambaa chenyewe cha njano kali au cha machungwa ni cha fluoresenti. Kinapokea miali ya urujuanimno ya jua, ambayo macho yetu hayaioni, na kuitoa kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana kinaonekana kama kinawaka chenyewe, na kinawaka zaidi kukiwa na mawingu au kunapopambazuka na jua kuzama. Lakini usiku hakina kazi, kwa sababu taa za magari na za barabarani hazina miali hiyo ya kutosha. Gizani njano kali ni njano tu.

Ile mistari ya kijivu ndiyo ya usiku. Ina vishanga vidogo sana vya kioo, au vipande vidogo mno vilivyochongwa pembe, na kazi yake ni kuurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Taa ya gari ikikupiga, mwanga unarudi kwa dereva wa gari hilohilo. Mchana haina maana yoyote.

Sasa angalia safari yako. Asubuhi unaenda na mistari, jioni unarudi na rangi. Unahitaji vyote viwili, kwa hiyo usinunue kile cha njano tupu kisicho na mistari.

Kuhusu kama inasaidia: kuna utafiti wa Auckland, New Zealand, wa ajali za kati ya 1993 na 1996, uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 2004. Waliwalinganisha waendeshaji walioumia au kufa kwenye ajali na wengine waliokuwa wakipita tu barabara za eneo hilohilo. Waliovaa fluoresenti au riflekta hatari yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 37. Wenye helmeti nyeupe, ukiwalinganisha na wenye nyeusi, pungufu kwa asilimia 24. Waliowasha taa mchana, asilimia 27. Ila rangi ya kawaida ya nguo kwa mbele haikuleta tofauti, wala rangi ya pikipiki. Kwa hiyo usidhani koti la njano la kawaida linatosha.

Naongeza neno moja la uaminifu: anayevaa kizibao huenda ni mtu mwangalifu tangu mwanzo, kwa hiyo sehemu ya nafuu hiyo inaweza kuwa ni tabia yake na siyo kitambaa. Watafiti walijaribu kuliondoa hilo kwenye hesabu, lakini haliondoki lote. Hata hivyo mimi navaa, na mwanangu anayejifunza anavaa.

MtulingaUliopona
Mimi nitasema upande wa pili, na nasema kwa uchungu. Nilivaa njano kali miaka miwili bila kukosa. Saa nne asubuhi, jua wazi, gari likakata kuvuka njia yangu. Nikavunjika mtulinga na mbavu mbili. Dereva alisema maneno yaleyale uliyoambiwa wewe.

Nikiwa nimelala nilitaka kuelewa imekuwaje. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake, waliochunguza ajali za pikipiki kama 900 za eneo la Los Angeles. Kwenye ajali za pikipiki na gari, takriban theluthi mbili gari ndilo lililoingilia haki ya pikipiki kupita, na sababu kubwa ni kwamba dereva hakuiona kabisa au aliiona akiwa amechelewa. Kwa hiyo yaliyokukuta wewe na mimi yana historia ndefu.

Nilichojifunza ni hiki. Pikipiki inayokuja moja kwa moja kwa dereva haisogei kulia wala kushoto machoni pake. Iko palepale, inakua kidogokidogo, halafu ghafla imejaa. Jicho hushtushwa na kitu kinachokatiza, na wewe hukatizi. Pili, kitu chembamba ubongo unakidhani kiko mbali na kinakuja polepole. Kwa hiyo hata anayekuona anaweza kukadiria vibaya akatoka. Kizibao hakitibu hilo la pili, hata kiwe na rangi gani.

Siku hizi nikiona gari linasubiri kuingia, naachia mafuta, vidole viwili juu ya breki, na nikiwa na nafasi, na nyuma yangu hakuna mtu, nasogea taratibu upande mmoja wa njia yangu kisha narudi. Ule msogeo ndio unaovunja hali ya kuwa palepale. Na siangalii macho ya dereva, maana macho yamenidanganya mara moja na imetosha. Naangalia tairi lake la mbele. Likianza kuzunguka utaliona kabla gari zima halijasogea.

Kwa kilomita 60 kwa saa unakula mita karibu 17 kila sekunde. Kuachia mafuta mapema kunakupa mita ambazo kizibao hakikupi.

Ukiniuliza kama bado navaa: ndiyo, ninavaa. Lakini nilipokuwa nacho wakati ule niliendesha kama mtu aliyeshaonekana, na hapo ndipo nilipokosea.

LoriLaUsiku
Mimi ni dereva wa lori, pikipiki siendeshi. Naomba niseme ninavyoona kutoka juu.

Usiku kwenye barabara isiyo na taa, pikipiki mbele yangu ni kidoa kimoja chekundu, tena mara nyingi kimefunikwa na vumbi. Kidoa kimoja hakiniambii umbali. Kinaweza kuwa mita 50, kinaweza kuwa 200. Mwendeshaji akiwa na mistari miwili ya mabegani na mmoja wa kiunoni, taa zangu zikimfikia tu naona mabega ya mtu, na nikishajua ni mtu najua ukubwa wake, basi najua na umbali. Hapo naanza kupunguza mapema bila presha. Kwa upande wa nyuma, tafadhali vaeni, nawaomba.

Lakini kuna mahali kizibao chako hakipo kabisa. Ukisimama chini ya pua ya lori langu kwenye taa nyekundu, au ubavuni upande usio wa dereva karibu na mlango, ungevaa hata dhahabu sikuoni. Kama huoni uso wangu kwenye kioo changu cha pembeni, na mimi sikuoni.

Jambo lingine: nguzo ya kioo cha mbele ya gari inameza pikipiki nzima pamoja na abiria. Mimi nimejizoesha kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia barabara kubwa. Wengi hawafanyi.

AlfajiriMapema
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Kaka Mtulinga, pole mno.

Kitu nilichosahau kusema: siku ile jioni jua lilikuwa chini kabisa, mgongoni kwangu. Kuna uhusiano?

VumbiNaLami
Uhusiano mkubwa sana, na nadhani hapo ndipo lilipo jibu lako la siku ile. Jua likiwa mgongoni kwako wewe unaona barabara vizuri mno, kila kitu mbele kinang'aa, na unajiona uko salama kuliko wakati wowote. Yule dereva yeye alikuwa anatazama jua. Wewe ulikuwa kivuli ndani ya mwanga. Hapo njano, nyeusi, nyeupe, zote ni moja.

Tumia kivuli chako. Kikiwa kirefu mbele yako na kinamwelekea dereva anayesubiri, hesabu kwamba haoni. Punguza hapo hata kama haki ya kupita ni yako.

Mandhari nayo ina mambo yake. Watafiti wa Uingereza waliwahi kuona kwamba mavazi meusi yanaweza kuonekana haraka kuliko ya rangi kali, pale nyuma ya mwendeshaji pakiwa peupe kama anga tupu. Kinachomtoa mtu ni tofauti yake na kilicho nyuma yake. Njano kali mbele ya majani mabichi yenye jua inapotea kidogo, na machungwa inapotea penye matengenezo ya barabara ambako kila mfanyakazi amevaa machungwa. Kwa njia za mjini njano inafaa mara nyingi zaidi, ila usiiamini kila kona.

MamaMbili
Mdogo wangu, wamekwambia yote isipokuwa hili: je, unabeba begi la mgongoni?

Miaka mitatu nilivaa kizibao kizuri na juu yake begi jeusi. Nyuma yote ilikuwa imefunikwa. Siku mvua ikinyesha navaa na koti la mvua juu yake, la bluu iliyokolea. Nilikuwa nimevaa usalama wangu ndani, kama fulana. Aliyenistua ni binti yangu aliyekuwa anakuja nyuma yangu na gari la mjomba wake, akanipigia simu: "Mama, huonekani."

Jipime usiku. Weka kizibao kwenye pikipiki au kivae, mtu asimame hatua sitini na tochi. Tochi aishike pembeni ya jicho, siyo kiunoni, maana mwanga unarudi kwenye tochi. Akiishika chini ataona mistari imefifia na kudhani ni mibovu.

Pia soma lebo ya ndani. Imeandikwa mara ngapi kinaweza kufuliwa kabla mistari haijachoka. Usikianike juani wala kukiacha juu ya kiti cha pikipiki kutwa nzima, rangi inapauka. Kikishapauka, tafuta kingine. Na mistari ya bei ya chini ikilowa hufifia sana, hata kama siku ya jua ulikipima kikawaka.

MnyororoMkavu
Mama Mbili ametaja la muhimu kuliko langu. Naongezea la makutano: mistari inawaka pale tu taa za gari zinapokuelekea. Gari linalosubiri barabara ya pembeni, taa zake zinatazama mbele yake, siyo wewe unayekuja. Likija kukumulika umeshafika. Kwa gari hilo kinachokuokoa gizani ni taa yako ya mbele, iwe safi na imewashwa daima. Kizibao ni cha aliye nyuma yako.

AlfajiriMapema
Narudisha mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Jana saa mbili usiku mume wangu aliegesha gari, akawasha taa ndogo, nami nikakaa juu ya pikipiki hatua sitini mbele yake. Akawa anapiga picha. Ya kwanza na koti jeusi: namba ya pikipiki na taa ya nyuma, mimi sipo. Ya pili na kizibao na begi mgongoni: vipande viwili vidogo mabegani, kila kimoja kama kucha. Ya tatu begi nimelifunga kwenye kiti cha nyuma: mgongo mzima unawaka. Mume wangu alikaa kimya na simu mkononi muda mrefu.

Nimeshona utepe wa riflekta kwenye begi, na koti la mvua nimeamua kulivaa chini ya kizibao, siyo juu. Nimenunua saizi kubwa ili kipite. Swali dogo: naweza kubandika utepe ubavuni mwa helmeti, na helmeti nyeusi niitupe?

MamaMbili
Usiitupe kama haijawahi kuanguka na haijachakaa. Ukinunua nyingine siku yake ikifika, chukua nyeupe. Kubandika, soma kwanza kitabu chake. Baadhi ya gundi zinadhoofisha ganda la plastiki. Kama hakiruhusu, bandika kwenye rimu za magurudumu na ubavu wa sanduku la nyuma. Ukipita mbele ya taa za mtu, zile duara zinazozunguka zinaonekana.

AlfajiriMapema
Nimebandika rimu. Leo jioni nimepita palepale, barabara ileile, jua mgongoni, kivuli changu kirefu kimelala mpaka kwenye boneti ya gari lililokuwa linasubiri. Niliachia mafuta nikatazama tairi lake la mbele. Lilizunguka kidogo, robo ya duara hivi, likasimama. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo. Nikapita.