Massey Ferguson 240 inavuja dizeli na asubuhi inagoma, mafundi nisaidieni

Mkulima_Kibaya
Wakuu habari za majukumu. Nina trekta la Massey Ferguson 240, ile ya injini ya Perkins silinda tatu, mimi ni mmiliki wa tatu. Nipo Kiteto, mvua zimeshashuka na majirani wako shambani.

Dizeli inavuja ubavuni mwa injini, inateremka na kuchanganyika na vumbi, kwa hiyo chanzo hakionekani. Asubuhi inawaka, inanguruma kidogo, halafu inazima kama imekata mafuta wakati tanki halijaisha. Fundi wa hapa alifunga paipu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikatulia siku ile tu. Mwingine anataka achomelee. Naomba mawazo yenu kabla sijamruhusu.

Spana17
Asichomelee kitu, mkuu. Kwanza nijibu: ikiwa imezimwa inaendelea kudondosha, au inavuja ikiwa inanguruma tu?

Mkulima_Kibaya
Inadondosha hata ikiwa imezimwa. Nimetega kopo chini.

Maksai_Wawili
Sisi wa maksai hatujui habari za kopo. Nikuletee jozi?

Spana17
😂 Mwacheni mwenzenu alime.

Mkuu, hilo kopo limekupa nusu ya jibu. Kwenye hiyo mashine tanki liko juu ya injini, dizeli inashuka yenyewe. Ikivuja imezimwa, basi tatizo liko upande wa presha ndogo: koki, paipu ya kwenda fidi pampu (ile ndogo inayovuta dizeli toka tanki), fidi pampu yenyewe, filta, au paipu ya kuingia kwenye pampu ya nozeli (ile kubwa inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli za kuipulizia ndani ya silinda). Ingekuwa zile paipu za chuma za kwenda kwenye nozeli, ungeona ikiwa inanguruma tu.

Na kuzima asubuhi ni ugonjwa huo huo. Tundu linalotoa dizeli usiku ndilo linaloingiza upepo, hasa tanki likipungua. Pampu ya nozeli ikipata upepo haisukumi kitu.

Funga koki, osha upande wote huo kwa dizeli na brashi, futa mpaka pakauke, kisha pakaze unga wa chaki kwenye kila nati. Fungua koki, subiri. Palipolowa kwanza ndipo penyewe, usidanganyike na pale chini inapodondokea. Mara nyingi utakuta ni kile kipete cha shaba kinachobana paipu chini ya nati. Mafundi wengi wakiona pamelowa wanakaza, wakiona bado wanakaza tena, kipete kinapasuka na paipu inaminyika. Badilisha kipete, acha kushindana na nati.

Kama paipu yenyewe imetoboka kwa kusuguana na bodi, upande huu wa presha ndogo unaweza kukata kipande kibovu na kuunga kwa mpira maalumu wa dizeli na klampu mbili, mbali na ekzosi. Tyubu ya baiskeli inalainishwa na dizeli, ndiyo maana haikudumu.

Mama_Plau
Naongezea hapo kwenye fidi pampu. Chomoa stiki ya oili, angalia na unuse. Ikiwa oili imepanda kupita alama na inanuka dizeli, usiwashe kabisa. Diaframu, ule utando wa ndani ya pampu hiyo, ikichanika dizeli inaingia kwenye oili, na oili nyepesi inaua maberingi. Trekta la kikundi chetu lilikuwa linapanguswa nje kila siku, kumbe linajaza ndani.

Dogo_wa_Gereji
Na kama ni zile paipu za nozeli, inachomelewa au unatafuta ya kopa?

Spana17
Vyote hapana. Mle presha inapita bar 150. Nunua paipu ya injini hiyo hiyo, yenye urefu ule ule, na urudishe klampu zake maana mtetemo ndio unaozikata. Halafu dogo, usipapase kwa kidole kutafuta inapovuja. Mchirizi mwembamba wa dizeli unapenya ngozi, kidonda kinaonekana kama cha sindano huku nyama ya ndani inaoza. Pitisha kipande cha boksi. Ikikupata, kimbia hospitali hata kama hakiumi.

Mkulima_Kibaya
Wakuu, mrejesho. Oili ni safi. Chaki ililowa kwenye nati ya kuingilia fidi pampu, kipete kimepasuka kweli. Nimeweka kipya, pamekauka. Ila sasa haiwaki kabisa, na kile kiwiko cha fidi pampu nikikipampu hakina nguvu, kinacheza tu.

Mama_Plau
Hicho kiwiko hakijafa. Kamshafti, shafti ya injini inayoiendesha hiyo pampu, imesimama pale inapoisukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja kisha pampu tena, utasikia uzito.

Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu mpaka mapovu yaishe, kaza. Fuata skrubu za pampu ya nozeli, ya ubavuni kisha ya juu, hivyo hivyo. Bado ikigoma, vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, hakikisha kizimio (kile cha kuvuta kuzimia injini) kimerudishwa ndani, legeza nati kwenye nozeli mbili na upige stata kidogo kidogo, uso wako ukae mbali. Dizeli ikitoka bila povu, kaza. Stata ipumzishe, usiikaange.

Mkulima_Kibaya
Imewaka! Nimeiacha inanguruma wakati nakula, haijazima. Swali la mwisho: baada ya kuizima nimezifungua zile washa za kopa za filta, za kununua hapa hakuna. Nizirudishe?

Spana17
Kama hazina mikwaruzo, zichome moja moja zikiwa nje, mbali na trekta, mpaka ziwe nyekundu, tumbukiza kwenye maji, safisha, rudisha. Zinakuwa laini tena. Zikiwa na mfereji tupa. Na kwa kuwa umefungua filta itabidi utoe upepo upya, kwa hiyo kama element (kichujio cha ndani ya filta) haijabadilishwa muda mrefu, ibadilishe hapo hapo.