Kiongozi gani kwa jeshi la Mordor?

Swali: Wakuu naombeni ushauri, jeshi langu la Mordor (upande wa waovu) kwenye Middle-earth Strategy Battle Game, ule mchezo wa vita wa vinyago mezani wa The Lord of the Rings, limejaa Orc watupu, yaani askari wa kawaida, sasa nimchukue Witch-king, yule mkuu wa Nazgûl mwenye uchawi, au makapteni wawili wa Orc?

Jibu: Witch-king mtamu mkuu, uchawi wake unamgandisha shujaa wa adui, ila chunga pointi zake za Will (nguvu ya nia anayotumia kwa uchawi), kila raundi akipigana inapungua moja na zikiisha unamtoa mezani hapohapo. Usimtupe mbele hovyo.

Jibu: Makapteni bana. Pointi zao za Might (za shujaa kufanya jambo la ziada) ndo zinakufanya uwahi kusogea kabla ya adui.

Jibu: Mbona Shaman, yule mganga wa Orc, hamumtaji? Orc waoga sana, jeshi likishapoteza nusu wanaanza kutoroka, Shaman akipiga Fury (uchawi wa kuwatia ujasiri) walio karibu wanabaki wanapigana. Mchukue Witch-king, kapteni mmoja na Shaman.